Mkato kabla ya "and": mwongozo kamili wa kuandika orodha kwa Kiingereza

Chukua sentensi hizi mbili:

We bought pens, paper, and ink.
We bought pens, paper and ink.

Ya kwanza ina mkato kabla ya "and", ya pili haina. Zote mbili ni Kiingereza sahihi, na katika orodha nyepesi kama hii hakuna msomaji atakayepotea. Hata hivyo mkato huo mmoja, unaojulikana kama mkato wa Oxford, umewagawanya wahariri, walimu, mawakili na hata mawaziri kwa zaidi ya miaka mia moja. Wapo wanaosema kuuacha ni uzembe. Wapo wanaosema kuuweka ni kurundika alama zisizo na kazi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: uweke, isipokuwa unapomwandikia mtu mwenye kanuni tofauti. Lakini waandishi wengi wakishachagua upande huona kazi imekwisha, na hapo ndipo makosa yanapoanzia. Kuna orodha ambazo mkato huo huziokoa, kuna nyingine ambazo huziharibu, na kuna zile zisizotengenezeka kwa mkato wowote mpaka upange maneno upya. Mwandishi makini anahitaji kuzitambua zote tatu.

Sisi tuliozoea kuandika Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Kwa kawaida tunaandika "kalamu, karatasi na wino" bila mkato kabla ya "na", na mazoea hayo huhamia kwenye Kiingereza chetu bila sisi kuamua. Matokeo yake ni andiko ambalo ukurasa wa kwanza una mkato wa Oxford, wa pili hauna, na wa tatu unao tena. Mhariri huona hilo haraka kuliko kosa lingine lolote.

Hatua ya 1: Jua andiko linakwenda wapi

Kabla ya kujiuliza kipi ni bora, jiulize nani atalipokea andiko lako. Kama ni chuo, jarida, gazeti, shirika la uchapishaji au ofisi, huenda suala hili limeshaamuliwa, na maoni yako hayana nafasi.

Kwa maandishi ya kitaaluma jibu ni rahisi. Mwongozo wa Chicago (The Chicago Manual of Style), uliotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1906, unaupendekeza mkato huu kwa nguvu. Miongozo ya APA (chama cha wanasaikolojia cha Marekani) na MLA (chama cha wasomi wa lugha na fasihi), inayotumika sana katika tasnifu na makala za utafiti, nayo inautaka. Mwongozo wa uchapishaji wa serikali ya Marekani unafuata njia hiyohiyo.

Magazeti yana desturi nyingine. Mwongozo wa shirika la habari la AP, unaofuatwa na vyumba vingi vya habari nchini Marekani, huuacha katika orodha nyepesi na kuurudisha pale ambapo bila huo msomaji atachanganyikiwa. The New York Times kwa kawaida huuacha. Nchini Uingereza, The Guardian na The Economist huuacha katika orodha za kawaida na kuruhusu uwekwe panapohitajika. Tazama vizuri: hata wanaouacha hawaukatazi kabisa. Anayekuambia kwamba mwongozo wake unapiga marufuku mkato huu popote pale, mara nyingi hajausoma hadi mwisho.

Utasikia pia kwamba mkato huu ni wa Wamarekani na kwamba Waingereza hawautumii. Jina lenyewe linakanusha. Limetokana na Oxford University Press, ambako mchapaji mkuu Horace Hart alianza mwaka 1893 kuwaandalia wapangaji wa herufi kijitabu cha kanuni, kikaanza kuuzwa kwa umma mwaka 1904. Kwa upande wa pili, gazeti kubwa la New York limekuwa likiuacha. Kilicho kweli ni kwamba mazoea hayo yameenea zaidi Marekani kuliko Uingereza, lakini mpaka wa mgogoro unapita zaidi kati ya vitabu na magazeti kuliko kati ya nchi na nchi.

Mwaka 2011 zilisambaa habari kwamba Oxford imeutupa mkato wake. Ukweli ni kwamba mwongozo wa ofisi ya mawasiliano ya Chuo Kikuu cha Oxford ulishauri usitumike katika maandishi ya kawaida ya ofisi. Shirika la uchapishaji la chuo hicho liliendelea nao. Januari 2020 sarafu ya peni 50 iliyotolewa Uingereza ilipojitoa katika Umoja wa Ulaya iliandikwa "Peace, prosperity and friendship with all nations", na mwandishi Philip Pullman akataka isusiwe kwa kukosa mkato baada ya "prosperity". Na Septemba 2022 Thérèse Coffey, alipokuwa ameteuliwa kuwa waziri wa afya wa Uingereza, watumishi wa wizara yake waliagizwa waepuke mkato wa Oxford. Nayataja haya ili ujue kwamba mtu atakayekurekebisha huenda anatetea jambo analolipenda kwa dhati. Mjibu kwa kumwonyesha mwongozo unaoufuata, na mjadala utakwisha.

Hatua ya 2: Chagua, kisha uandike ulichochagua

Kama hakuna aliyekuamulia, amua sasa. Mimi nashauri uweke mkato, na sababu yangu ni moja. Anayeuacha analazimika kusimama kwenye kila orodha na kujiuliza kama hii ni mojawapo ya zile zinazouhitaji, akichoka, atapitwa. Anayeuweka daima hukutana na orodha chache zaidi zenye utata, na akizikuta anajua la kufanya, kama tutakavyoona katika hatua ya 4. Gharama ya mkato ni alama moja tu. Hoja ya magazeti kwamba unakula nafasi ilikuwa na maana katika safu nyembamba za karatasi. Kwenye skrini haina uzito.

Uamuzi huo uandike kwenye karatasi ya mtindo, yaani ukurasa mmoja wa kanuni ulizojiwekea kwa andiko husika. Mstari mmoja unatosha: "Orodha za vipengele vitatu na zaidi: mkato kabla ya and/or." Kama mnaandika wengi, kila mmoja apate nakala. Ripoti iliyoandikwa na watu watano bila karatasi hiyo itakuwa na mitindo mitano.

Hatua ya 3: Hesabu vipengele

Mkato wa Oxford unahusu vipengele vitatu au zaidi. Vikiwa viwili, hauna kazi. Wanaoujua kwa mara ya kwanza huupenda kupita kiasi na kuuweka kila wanapoiona "and":

The manager, and the accountant signed the letter.

Huo ni mkato usiotakiwa. Hali ni hiyohiyo kwa vitenzi viwili vyenye kiima kimoja. Andika "He opened the file and read the report", bila mkato. Lakini ukiandika "He opened the file, and she read the report", mkato unakubalika, kwa sababu sasa una vishazi viwili kamili, kila kimoja na mtendaji wake. Hiyo ni kanuni nyingine kabisa, na wengi huichanganya na hii.

Kuna pia orodha za uongo, ambazo kwa sura zinaonekana kuwa na vipengele vitatu kumbe ni viwili na kitenzi kilichojipenyeza:

The course teaches reading, writing and is free.

Hapa "is free" si kitu kinachofundishwa. Kuongeza mkato kabla ya "and" hakusaidii chochote. Andika "The course teaches reading and writing and is free", au uikate iwe sentensi mbili.

Hatua ya 4: Angalia kama kipengele kimoja kinaweza kusomwa kama maelezo ya kingine

Hapa ndipo penye uzito wa suala zima, kwa hiyo tutakaa. Katika Kiingereza mkato una kazi nyingi. Mbili kati ya hizo hugongana ndani ya orodha: mkato hutenganisha vipengele, na pia hutambulisha maelezo ya ziada kuhusu nomino iliyotangulia. Ukiandika "my teacher, a kind man", mkato haumaanishi watu wawili. Unamweleza mwalimu yuleyule. Msomaji anapokutana na mkato kwenye orodha hana alama ya kumwambia ni kazi ipi inafanyika.

Anza na nomino ya wingi:

She thanked her brothers, the mayor and the bishop.

Je, kaka zake ndio meya na askofu? Sentensi inaruhusu kabisa. Weka mkato wa Oxford na utata unaondoka:

She thanked her brothers, the mayor, and the bishop.

Huu ndio mfano wanaoupenda watetezi wa mkato, na wako sahihi. Lakini geuza nomino ya kwanza iwe ya umoja uone kinachotokea:

She thanked her brother, the mayor, and the bishop.

Sasa mkato uleule uliotuokoa umetuletea shida. Kaka yake ndiye meya, na waliopokea shukrani ni wawili? Au ni watatu? Ukiuondoa, "her brother, the mayor and the bishop", watu watatu wanaonekana kwa urahisi zaidi. Wapinzani wa mkato hushangilia mfano huu, nao pia wako sahihi.

Kwa hiyo shika kanuni hii ya kazi, ambayo naiona ina faida kuliko hoja zote za pande mbili: nomino ya kwanza ikiwa ya wingi, hatari iko kwa anayeuacha mkato, ikiwa ya umoja, hatari iko kwa anayeuweka. Na kuna orodha zinazomkwamisha kila mtu:

I met Anna, a doctor and a teacher.
I met Anna, a doctor, and a teacher.

Ya kwanza inaweza kumaanisha mtu mmoja, Anna, mwenye kazi mbili, au watu watatu. Ya pili inaweza kumaanisha wawili au watatu. Usipoteze muda kuhamisha mkato hapa. Badili mpangilio:

I met a doctor, a teacher, and Anna.

Jina limekwenda mwisho, halina tena kitu kinachoweza kulieleza, na sentensi iko wazi hata ukiuondoa mkato wa Oxford. Mfano wa kaka unatibiwa vivyo hivyo: "She thanked the mayor, the bishop, and her brother." Hii ndiyo dawa ya kwanza ya kujaribu kila unaposhuku orodha: kile kinachoweza kuelezwa na vingine kiweke mwishoni. Kama mpangilio una sababu yake, pengine cheo au tarehe, taja idadi: "I met three people: Anna, a doctor, and a teacher." Na kama kweli ulikusudia maelezo, yafungie ndani ya mabano au vistari virefu ili mkato ubaki na kazi moja: "She thanked her brother (the mayor) and the bishop."

Namna ya kupima ni hii. Soma kipengele cha kwanza, kisha mbele ya vinavyofuata tia kimoyomoyo neno "yaani". Kaka zake, yaani meya na askofu. Ikileta maana, orodha yako ina utata, hata kama wewe uliyeiandika unajua vizuri ulichokusudia. Wewe unawajua watu hao. Msomaji hawajui.

Hatua ya 5: Angalia mipaka ya makundi

Utata wa pili hutokea pale kipengele kimoja kinapokuwa na "and" au "or" ndani yake.

The shirts come in red, green, black and white.

Kama unafuata mtindo wa kuacha mkato, hii inaweza kuwa rangi nne, au rangi mbili pamoja na shati la mchanganyiko wa nyeusi na nyeupe. Anayeweka mkato daima anaandika "red, green, black, and white" kwa nne, na "red, green, and black and white" kwa tatu. Hapa hata mwongozo wa AP na ule wa The Economist inakubali kuweka mkato. Ningeongeza hatua moja: kipengele chenye "and" ndani kiweke mwanzo, ili msomaji asikutane na "and" mbili zinazofuatana: "black and white, red, and green."

Panapohusika fedha, usitegemee alama peke yake. "Divide the prize equally among Ruth, Daniel and Grace" inaweza kuzua ubishi kama Daniel na Grace ni fungu moja. Andika "one third each". Maneno hayo matatu yana nguvu kuliko mkato wowote.

Sheria imeshaonyesha gharama ya kupuuza hatua hii. Katika jimbo la Maine, Marekani, sheria ya malipo ya saa za ziada iliwaondoa katika haki hiyo wafanyakazi wa kazi fulani za vyakula. Orodha ilisomeka hivi:

The canning, processing, preserving, freezing, drying, marketing, storing, packing for shipment or distribution of

kisha zikafuata aina za bidhaa. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy walisambaza bidhaa lakini hawakuzifungasha. Kampuni ilisema "distribution" ni kazi inayojitegemea, imo kwenye orodha, hivyo madereva hawastahili malipo ya ziada. Madereva walisema hakuna mkato baada ya "shipment", kwa hiyo kinachotajwa ni kufungasha tu, iwe kwa kusafirisha au kwa kusambaza, nao hawafungashi. Mahakama ya awali iliipa kampuni ushindi. Machi 2017 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Kwanza, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji David Barron, iliona kifungu kina utata, na kwa kuwa sheria za kazi za Maine husomwa kwa kumlinda mfanyakazi, ikatoa uamuzi kwa upande wa madereva. Mwaka 2018 shauri lilimalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 5.

Kesi hii huelezwa kana kwamba mwandishi wa sheria alisahau mkato. Hakusahau. Mwongozo wa kuandika sheria wa Maine wenyewe ulielekeza mkato huo usiwekwe. Kilichokosekana ni kufanya kile ambacho kila mtindo wa kuacha mkato unadai: kusimama kwenye orodha ngumu na kuiangalia. Baadaye bunge la jimbo liliiandika upya orodha kwa kutumia nukta mkato (;), na neno "distribution" likageuzwa kuwa "distributing". Badiliko hilo la pili ndilo linalotupeleka mbele.

Hatua ya 6: Fanya vipengele vyote viwe vya aina moja

Moja ya hoja za madereva haikuhusu mkato hata kidogo. Kazi zote zilizoondolewa ziliandikwa kwa umbo la "-ing": canning, processing, packing. "Distribution" na "shipment" hazikuwa na umbo hilo, kwa hiyo zilionekana kuwa jozi, zote mbili zikiitegemea "packing for". Sarufi ilisema kitu ambacho alama haikukisema.

Kwa hiyo ukianza na vitenzi vya "-ing", endelea navyo hadi mwisho. Ukianza na nomino, baki na nomino. "The job involves planning, budgeting, and to write reports" inakwaza. Sema "planning, budgeting, and writing reports". Orodha iliyolingana husomeka vizuri hata ikikosa mkato, na isiyolingana hubaki na ukakasi hata ukiijaza mikato.

Hatua ya 7: Vipengele vikiwa na mikato ndani, tumia nukta mkato

Sioni sababu ya kurefusha hapa. Ukiwa na majina ya watu na vyeo vyao, au miji na nchi zake, mkato wa kawaida hauwezi tena kutenganisha:

We visited Lyon, France; Turin, Italy; and Basel, Switzerland.

Nukta mkato ya mwisho, ile ya kabla ya "and", iweke daima katika orodha za aina hii, hata kama andiko lako linaacha mkato wa Oxford. Mwongozo wa AP wenyewe unaitaka. Orodha ikizidi vipengele vitano au sita vya namna hiyo, ishushe iwe mistari, kila kipengele na mstari wake.

Hatua ya 8: Chunguza mkia wa orodha

Maneno yanayokuja baada ya kipengele cha mwisho yanahusu nini? Tazama:

The fund supports schools, clinics, and libraries in rural areas.

Maktaba pekee ndizo za vijijini, au zote tatu? Mkato wa Oxford upo, na bado haujajibu. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikabiliwa na swali hili katika sheria ya adhabu iliyotaja aina tatu za makosa na kumalizia na maneno "involving a minor or ward". Orodha ilikuwa na mkato wa Oxford. Majaji sita, uamuzi wao ukiandikwa na Sonia Sotomayor, walisema maneno hayo yanahusu kosa la mwisho pekee. Wawili, kwa maelezo ya Elena Kagan, walisema yanahusu yote. Wasomaji wanane wa kiwango hicho wakigawanyika, msomaji wako hana sababu ya kubahatisha sawasawa.

Kama unakusudia vyote, lete maelezo mbele: "In rural areas, the fund supports schools, clinics, and libraries." Kama unakusudia cha mwisho tu, kipeleke mwanzo kikiwa na maelezo yake, ambapo hayawezi kugusa vingine: "The fund supports rural libraries and all schools and clinics." Hilo neno "all" linaonekana dogo, lakini ndilo linalofunga mlango.

Jambo hilohilo hutokea mbele ya orodha. "Old books, maps, and letters": je, ramani nazo ni za zamani? Rudia kivumishi, au kipe kila kipengele chake.

Hatua ya 9: Vivumishi vinavyofuatana

Vivumishi ni orodha pia, ila vina kipimo chao. Jaribu kuweka "and" kati yao, kisha jaribu kubadilishana nafasi zao. Vikikubali, weka mkato: "a long, tiring journey", kwa sababu "a long and tiring journey" na "a tiring, long journey" zinawezekana. Visipokubali, usiweke: "two large wooden boxes". Hakuna asemaye "wooden and large and two boxes". Kati ya kivumishi cha mwisho na nomino yake usiweke mkato kamwe.

Hatua ya 10: Ondoa mikato isiyotakiwa

Baada ya kuongeza, sasa pitia kwa nia ya kupunguza. Usiweke mkato baada ya "such as" wala "including". Usiweke mkato kati ya kipengele cha mwisho na kitenzi: "Pens, paper, and ink are on the table", basi. Kama vipengele vyote vimeunganishwa kwa viunganishi, "red and white and blue", havihitaji mkato. Kabla ya alama ya &, inayosimama badala ya "and" na ambayo hupatikana zaidi kwenye majina ya kampuni, mwongozo wa Chicago unasema mkato wa Oxford uachwe. Nukta pacha (:) inatangulia orodha pale tu ambapo maneno ya kabla yake ni sentensi kamili: "We need three things: pens, paper, and ink", lakini kamwe si "We need: pens, paper, and ink".

Mkato wa ziada unaweza kuwa ghali kuliko uliokosekana. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1870 iliisamehe ushuru mimea ya matunda, "fruit plants, tropical and semi-tropical". Katika sheria ya mwaka 1872 mkato ulihamia kati ya maneno mawili ya kwanza: "fruit, plants tropical and semi-tropical". Kipengele kimoja kikawa viwili, na waagizaji wakadai kwamba matunda yenyewe sasa yamesamehewa. Walishinda, wakarejeshewa ushuru waliokuwa wamelipa, na sheria ikarekebishwa mwaka 1874. Hasara ya hazina ilikaribia dola milioni 2 kwa thamani ya wakati ule.

Hatua ya 11: Hakiki andiko zima kwa mara moja

Usihakiki orodha huku ukisoma kwa ajili ya mambo mengine; utapitwa. Fungua kitafutio cha programu yako ya kuandikia, tafuta " and " ikiwa na nafasi pande zote, na upite moja baada ya nyingine. Kisha fanya hivyo kwa " or ". Kwa kila moja jiulize: vipengele ni vitatu au zaidi? Kipengele cha kwanza kinaelezwa na vinavyofuata? Kuna "and" ndani ya kipengele? Mkia unahusu nini? Microsoft Word ina mpangilio wa kukagua mkato wa Oxford katika mipangilio yake ya sarufi. Uwashe kulingana na kanuni uliyochagua, lakini kumbuka kwamba huangalia kama mkato upo, hauwezi kujua kama kaka yako ndiye meya.

Tufanye zoezi moja pamoja. Rasimu inasema:

The committee thanked its donors, the library and the school and the volunteers who cooked, cleaned and drove the buses.

Hapa yamejaa karibu yote tuliyoyajadili. Wafadhili wanaweza kuwa ndio maktaba na shule, na mtu hawezi kujua orodha ya nje inaishia wapi. Uliza kwanza ukweli ni upi. Hakuna mhariri anayeweza kuutengeneza kwa alama. Kama maktaba na shule ndio wafadhili:

The committee thanked its two donors (the library and the school) and the volunteers who cooked, cleaned, and drove the buses.

Kama ni makundi tofauti:

The committee thanked the library, the school, and its donors. It also thanked the volunteers who cooked, cleaned, and drove the buses.

Angalia kwamba sikuweka mkato kabla ya "who". Ningeuweka, maana ingekuwa watu wote waliojitolea walipika, wakasafisha na kuendesha mabasi, na huenda waliojitolea kwa kazi nyingine wapo.

Kitu cha mwisho kukagua ni nukuu na majina rasmi. Andiko lako lote likifuata mkato wa Oxford, nukuu kutoka kwa mwandishi aliyeuacha ibaki kama alivyoiandika, na vilevile jina la idara au taasisi lililosajiliwa bila mkato. Kitafutio kitakupeleka kwenye maneno hayo pia, na mkono utataka kuyasawazisha na mengine. Yaruke.